Kompyuta Zilizofichwa Ndani ya Vitu

Kompyuta kila mahali ni wazo la kuitoa kompyuta mezani na kuipachika ndani ya vitu vya kawaida: mita, gari, saa, kitasa cha mlango. Mtu hutumia kitu chake kama kawaida, na hesabu zinafanyika humo humo. Mark Weiser, mtafiti wa Xerox PARC huko Palo Alto, California, alianza kulizungumzia mwaka 1988, akalieleza kwa upana katika jarida la Scientific American mwaka 1991. Kwake, teknolojia iliyokomaa ni ile inayotumika pasipo kufikiriwa. Wakati huo huo, watafiti wa maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, walikuwa wakivaa beji zilizotoa ishara ya mwanga usioonekana, ili simu ya mtu ihamishiwe chumba alichomo. Faida na hofu vilizaliwa pamoja, kwani beji iliyomfikishia mtu simu ndiyo iliyomwonyesha mkuu wake alipo.

Afrika Mashariki, wengi walikutana na wazo hili kwenye kuta za nyumba zao. Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, nchini Tanzania, sawa na mita za tokeni za Kenya, ni kompyuta, hata kama hakuna anayeiita hivyo. Tokeni, yaani tarakimu 20 anazobonyeza mteja, ni ujumbe uliofumbwa kwa ufunguo wa mita hiyo. Mita huufumbua, huhakikisha tokeni haijawahi kutumika, kisha huongeza uniti. Mita ya kawaida ya aina hii haihitaji intaneti, na hapo ndipo ubora wake ulipo: tokeni iliyonunuliwa mjini huingia hata kijijini pasipo mtandao.

Lakini kompyuta iliyosahauliwa ukutani nayo huzeeka. Kila tokeni hubeba muda ilipotolewa, uliokuwa ukihesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993, na hesabu hiyo ilitengewa biti 24 tu, yaani dakika milioni 16 na ushei. Nafasi ikajaa tarehe 24 Novemba 2024. Hesabu ikianza upya, mita ambayo haijarekebishwa ingeziona tokeni mpya kuwa kuukuu na kuzikataa. Dawa ilikuwa kuipa kila mita ufunguo mpya kupitia namba mbili za ziada, za tarakimu 20 kila moja, na mara nyingi aliyezibonyeza ni mteja mwenyewe. Miaka karibu 32 ni mingi mno kwa simu. Kwa mita, kumbe si mingi.

Sola ya kulipia kidogo kidogo ilikwenda mbele zaidi. M-KOPA, iliyoanza biashara Kenya mwaka 2012, iliweka laini ya simu ndani ya kifaa. Mteja akilipa kwa M-Pesa taa zinawaka, akichelewa kifaa kinafungwa kutoka mbali. Kaya zisizo na dhamana ya benki zilipata mwanga kwa njia hiyo, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, kitu kilichomo nyumbani kinamtii aliyeko nje.

Tena si lazima huyo wa nje awe muuzaji. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyohudumia majina ya tovuti, na tovuti kubwa kama Twitter zikakosa kufikika kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakuhisi kitu. Uingereza imepiga marufuku nywila dhaifu za kiwandani tangu Aprili 2024, na inamtaka mtengenezaji atangaze atakipa kifaa masasisho ya usalama kwa muda gani.

Linabaki suala la faragha. Mita inayotuma vipimo mara kwa mara hudokeza saa za kulala na siku ambazo nyumba haina mtu. Kwa sababu hiyo Seneti ya Uholanzi ilikataa mwaka 2009 kuilazimisha kila kaya kufungiwa mita kama hiyo, na sheria iliyofuata ikampa mteja haki ya kuikataa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na zote mbili zinatambua ridhaa ya mhusika. Ridhaa huombwa kwa urahisi kwenye skrini ya simu. Kamera ya getini haina pa kuiombea kwa kila mpita njia, na mpangaji aliyeikuta mita ukutani hakuulizwa alipohamia.