Kuumbiza si kufuta

WATU wengi husema "nimefomati" wakimaanisha "nimefuta kila kitu". Kuchanganya maana hizi kunaweza kumpotezea mtu kazi ya miaka.

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyewarekodi wazee wa Keumbu, Kisii, wakisimulia ngano kwa Ekegusii. Alitaka kufomati flashi, akabofya diski yenye rekodi. Wazee wengine wameshaaga dunia. Afanyeje?

Kiswahili sanifu kina kitenzi 'umbiza', chenye mzizi mmoja na 'umbo'. Kuumbiza kwa haraka huipa diski faharasa mpya tu, mithili ya kuchana ukurasa wa yaliyomo kitabuni. Mara nyingi sura zenyewe huwa zingalimo, mradi hujaandika kitu kingine juu yake.

Basi asihifadhi chochote humo. Aichomoe diski, kisha atumie programu ya bure kama PhotoRec, akiziweka rekodi kwenye diski nyingine. Majina ya faili huenda yakapotea, sauti zikabaki.

Hata hivyo, tangu Windows Vista ya 2007, uumbizaji kamili huandika sufuri diski nzima. Huko ndiko kufuta hasa, na hakuna programu itakayomrudishia wazee wake.