Kutoka Nduguti: Namna ya kutambua ziwa la kwenda kuvua

Mkazi au mgeni wa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, anayepanga safari ya uvuvi, huwa na zaidi ya ziwa moja la kuchagua. Hata hivyo, maziwa hayo hayalingani kwa maji wala kwa samaki, na chaguo lisilo sahihi humgharimu nauli, muda na nguvu.

Jambo la kwanza kuzingatia ni iwapo ziwa lina mto unaotoa maji. Mito huingia ziwani ikiwa na chembechembe za chumvi na magadi kutoka kwenye miamba na udongo. Ziwa lenye mto unaotoka husafirisha chumvi hiyo, hivyo maji yake hubaki baridi. Lisilo na mto huo hupoteza maji kwa mvuke pekee, na chumvi hubaki na kuongezeka mwaka hadi mwaka.

Ziwa Kitangiri, lililoko magharibi ya Nduguti, hupokea maji kutoka bonde la Wembere na kuyatoa kupitia Mto Sibiti. Kwa sababu hiyo ndilo linalofaa zaidi kwa uvuvi, na wavuvi hupata humo perege na kambare. Mto Sibiti humwaga maji yake katika Ziwa Eyasi, upande wa kaskazini, ambako ndiko mwisho wa safari ya maji hayo. Eyasi ni ziwa la magadi; huwa na samaki mvua zinapokuwa nyingi, na kiangazi kikali sehemu kubwa hubaki tambarare kavu. Maziwa Singidani na Kindai, mjini Singida, nayo yana chumvi.

Kanuni hiyo huonekana pia nchini kote. Ziwa Victoria hutoa maji kupitia Mto Nile, Tanganyika kupitia Lukuga na Nyasa kupitia Shire. Yote matatu ni ya maji baridi. Natron na Manyara hayana mto unaotoka, na yana magadi.

Jambo la pili ni majira. Mvua za Singida hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Kitangiri ni ziwa lenye kina kifupi, hivyo ukame hupunguza maji haraka na kuwakusanya samaki mahali padogo. Uvuvi wa kupita kiasi wakati huo huangamiza mbegu ya msimu unaofuata.

Jambo la tatu ni sheria. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inataka uvuvi ufanyike kwa leseni, na inakataza matumizi ya sumu na baruti. Aidha, Serikali inaweza kusitisha uvuvi ili samaki wazaliane, kama ilivyofanya katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024.

Hivyo, kabla ya kufunga safari, ni vyema kuwasiliana na afisa uvuvi wa halmashauri husika ili kufahamu hali ya maji, zana zinazoruhusiwa na maeneo yenye mamba au viboko.