Mwasho Usio na Upele: Klorokwini, Upupu na Neva Zetu

Waliougua malaria kabla ya mwaka 2000 wanaikumbuka klorokwini kwa mambo mawili: uchungu wake mdomoni na mwasho wake mwilini. Saa chache baada ya kumeza vidonge, viganja na nyayo vinaanza kuwasha, kisha mgongo, kisha kila pahala, na usiku kucha mtu hajui akune wapi aache wapi. Ukiitazama ngozi yake huoni kitu, si kipele wala uvimbe. Siku ya pili au ya tatu mwasho huondoka wenyewe kama ulivyokuja. Wapo walioona bora wabaki na homa kuliko kumeza tena, wakaficha vidonge chini ya mto. Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001 na Zanzibar ikahamia kwenye dawa mseto mwaka 2003, kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimekwisha kuizoea. Kwetu sisi tunaotibu ngozi, dawa ile imebaki kuwa somo.

Wengi wa wagonjwa wale walipewa Piriton, dawa ya mzio. Iliwapa usingizi, mwasho wenyewe haikuufanyia makubwa. Jibu lilipatikana mwaka 2009, watafiti wa Marekani walipoonesha katika panya kwamba klorokwini hushika kipokezi kilichoko juu ya neva za mwasho zenyewe, bila kupitia histamini, kemikali ya mzio mwilini. Piriton na jamaa zake kazi yao ni kuizuia histamini. Ikiwa histamini haimo, dawa haina cha kuzuia.

Anayelima Kidichi, Unguja, ana mfano mwingine palepale shambani. Upupu unatambaa juu ya ua, maganda yake yamefunikwa vinyweleo vya rangi ya dhahabu, na upepo ukivuma vibaya mtu anarudi nyumbani anaomba majivu ajipake. Vinyweleo vile vina kimeng'enya kiitwacho mukunaini, kilichoelezwa na wanasayansi katika miaka ya 1950. Kinapoingia ngozini huziamsha ncha za neva moja kwa moja. Ndiyo maana maabara zinazochunguza mwasho huko Ulaya na Marekani hutumia unywele mmoja mmoja wa upupu kwenye mkono wa mtu aliyejitolea. Mmea ambao wanafunzi watundu huupaka kwenye madawati ndio uliowaonesha wataalamu kwamba njia za mwasho ni zaidi ya moja: histamini huamsha kundi moja la neva na kuacha ngozi imevimba na kuiva, upupu huamsha kundi jingine na ngozi ikabaki karibu kama ilivyokuwa.

Nimekawia hapa kwa makusudi. Mtu anayejikuna kwa zaidi ya wiki sita, muda ambao ndio mpaka wa kile tunachokiita mwasho sugu, kwa kawaida amekwisha kunywa dawa za mzio za kila aina na kupaka krimu tatu nne za dukani, baadhi zikiwa na steroidi kali ambazo zimeanza kuifanya ngozi yake kuwa nyembamba na kuichubua. Lakini kengele ya nyumba ikilia na mlangoni hakuna mtu, huupaki mlango rangi, unafuata waya. Waya wa mwasho ni neva nyembamba mno, ishara yake ikienda kama mita moja kwa sekunde, kutoka ngozini hadi uti wa mgongo na kutoka hapo kupanda kwenye ubongo. Hitilafu popote katika njia hiyo inaweza kusikika kama ngozi inawasha.

Mfano ninaoupenda kwa sababu huwezi kuukosea ni wa mgongoni. Chini ya mfupa wa bega, upande mmoja, pana eneo la ukubwa wa kiganja ambalo mkono haulifikii vizuri. Mgonjwa hujisugua kwenye fremu ya mlango miaka nenda miaka rudi mpaka ngozi inakuwa nyeusi na nene. Anadhani weusi ule ndio maradhi, kumbe ni alama ya kujikuna. Chanzo mara nyingi ni neva zitokazo kwenye uti wa mgongo wa juu zilizobanwa au kukwaruzwa. Ndugu yake ni mwasho wa upande wa nje wa mikono, juu na chini ya kiwiko, unaotokana na neva za shingo na kuchochewa na jua. Anayeshinda juani au aliyeumia shingo zamani ndiye wa kuulizwa. Mpe kitambaa chenye barafu: akisema hakuna kitu kingine kinachomtuliza hivyo, daktari amepata nusu ya jibu.

Mkanda wa jeshi nao huacha maumivu kwa wengine na mwasho kwa wengine, hata baada ya malengelenge kupona. Kisukari huziharibu neva nyembamba polepole, ganzi na kuchoma vikianzia nyayoni. Hapa sina mengi ya kusema isipokuwa kwamba sukari ipimwe.

Tiba ya mwasho wa neva hufuata neva: gabapentini, pregabalini, au amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku. Zote zinalewesha kidogo mwanzoni na zinahitaji wiki kadhaa, kwa hiyo anayeacha siku ya tatu hajazijaribu. Kuna na pilipili. Wageni wanaotembezwa kwenye mashamba ya viungo ya Kidichi huoneshwa karafuu, mdalasini, hiliki na pilipili manga. Lakini inayotuhusu sisi ni ile pilipili kali ya mchuzi, yenye kapsaisini. Mwaka 1997 David Julius na wenzake walikitambua kipokezi cha neva kinachoshikwa na kapsaisini, kilekile kinachohisi joto kali, na mwaka 2021 kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Krimu ya kapsaisini huchoma siku za mwanzo, kisha neva huchoka na kunyamaza. Ni dawa iliyopimwa kwa sehemu ndogo ya asilimia. Asije mtu akatwanga pilipili na kujipaka.

Lakini kabla ya kuzisingizia neva, yapo ya kuondolewa njiani. Upele wa kuambukiza hujificha katikati ya vidole na kuwasha nyumba nzima usiku. Figo zilizochoka na ini lililoziba nyongo huwasha mwili mzima bila kipele. Na yupo anayewashwa kila atokapo kuoga, ngozi safi kabisa: huyo apimwe picha kamili ya damu, kwani damu yenye chembe nyekundu kupita kiasi huweza kuanza hivyo. Kidichi kuna hamamu aliyoijenga Sultani Seyyid Said mwaka 1850 kwa mkewe wa Kiajemi, na raha ya maji ya moto siipingi. Ila kwa mzee mwenye ngozi kavu, maji moto na sabuni kali ni adui. Mafuta ya nazi yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu.

Sasa akili. Mwasho huambukiza kwa macho na masikio: Ujerumani watafiti waliwahi kuandaa mhadhara wenye picha za viroboto na utitiri, na kamera zikaona wasikilizaji wakijikuna zaidi kuliko walipooneshwa picha za kutuliza. Wale hawakuwa wagonjwa wala waongo. Wasiwasi, sonona, msiba au ndoa inayovunjika huongeza sauti ya ishara ndogo ambayo siku nyingine ubongo ungeipuuza, na usiku, shughuli zikiisha na mwili ukipata joto la shuka, sauti hiyo hupanda zaidi. Upo pia mwasho ambao chanzo chake kikuu ni mfadhaiko. Ila jina hilo hutolewa mwisho, baada ya vipimo, na halina maana ya "unajifanya".

Kilicho kigumu zaidi ni hali aliyoieleza daktari wa neva wa Uswidi, Karl-Axel Ekbom, mwaka 1938: mtu ana yakini kwamba wadudu wanatembea ndani ya ngozi yake. Huja na kibiriti chenye vipande vya ngozi, nyuzi na vumbi kama ushahidi. Vitazamwe kwa darubini kwa heshima, kwa sababu mara mojamoja mdudu yupo kweli. Kwetu wapo watakaosema ni jini. Kisomo kikimtuliza mgonjwa sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na mafuta ya taa na dawa ya kuulia wadudu vinavyopakwa mwilini. Dawa za akili kama risperidoni au olanzapini kwa kipimo kidogo huwasaidia wengi, lakini ukimtajia mgonjwa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu siku ya kwanza humwoni tena, ndiyo maana ni vizuri daktari wa ngozi na wa akili wamwone katika chumba kimoja. Watu wa nyumbani nao wasibishane naye kuhusu wadudu, wala wasimkubalie. Wamuulize analala saa ngapi na anaamka mara ngapi usiku, waandike, waje na karatasi hiyo kliniki. Dawa ya kumrudishia usingizi ataikubali, na mara nyingi ndiyo hiyohiyo itakayomtibu.