Ukuta wa Rangi na Ukuta wa Karo

Ndugu msomaji, ukipita karibu na shule za kibinafsi za bei kali hapa Nairobi, utaona watoto Waafrika, Wahindi na Wazungu wakishuka basi moja. Ni jambo la kufurahisha. Lakini je, utamwona humo mtoto wa mama mboga wa Kaloleni au wa fundi wa Kariobangi? Huyo ni adimu kama maziwa ya kuku.

Tuanze na historia. Wakati wa ukoloni, shule ziligawanywa kwa rangi kama mitaa ilivyogawanywa. Waafrika waliwekwa huku kwetu Eastlands: Pumwani, Ziwani, Kaloleni. Prince of Wales, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, ilikuwa ya Wazungu. Leo ni Nairobi School. Duke of Gloucester ilikuwa ya Wahindi. Leo ni Jamhuri High School. Waafrika wachache walibahatika kuingia Alliance, iliyoanzishwa 1926 kule Kikuyu.

Hata kabla ya uhuru kulikuwa na waliokataa mambo hayo. Mwaka wa 1961 Strathmore College ilianza kupokea wanafunzi wa rangi zote na dini zote. Kisha Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 ikapendekeza ubaguzi wa rangi ukomeshwe shuleni. Ukuta wa rangi ukaanguka. Hata hivyo, shule zilizokuwa za Wazungu ziliendelea kutoza karo ya juu, na walioingia ni wale ambao wazazi wao walijiweza.

Ukuta wa karo hauna kibao cha kumfukuza mtu, lakini unafanya kazi vizuri sana! Kwanza, kuna pesa za fomu na za mtihani wa kuingia. Pili, kuna mahojiano. Mtoto aliyesoma nasari ya bei ghali anamwaga Kiingereza kama maji, na wetu aliyezoea Sheng anaonekana mzito, ingawa akili anayo. Tatu, karo yenyewe. Mkono mtupu haulambwi. Hata akipata mfadhili wa karo, bado kuna sare, nauli ya matatu na safari za shule.

Je, dawa ipo? Ipo, tena si mbali na mitaa yetu. Starehe Boys' Centre ilianzishwa mwaka wa 1959 na Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo ili kuwasaidia wavulana wasio na makao. Ilijulikana kwa kutazama alama za mtoto pamoja na hali ya kwao: maskini anasoma bure, mwenye uwezo analipa, na wote wanavaa sare moja. Mwaka wa 2005 wasichana nao walipata Starehe yao.

Wengine watasema, "Shule ya kibinafsi ni biashara bwana, walimu watalipwa na nini?" Ni kweli. Lakini shule yenye madarasa mengi haiwezi kuanguka kwa kutenga nafasi chache katika kila darasa, mradi nafasi hizo zitangazwe wazi hata huku mitaani na zilipiwe mpaka sare. Mwenye pesa pia atafaidika. Kesho atakuwa daktari au meneja wa watu wa Eastlands. Atawaelewaje ikiwa hajawahi kuketi nao dawati moja?

Rangi zimechanganyika, wenzangu. Sasa tuchanganye mifuko.