UAMINIFU KATIKA KAZI: SOMO KUTOKA KWA WAPIGA PICHA ZA WANYAMA

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu wanafunzi na wazazi, katika makala haya tunaitazama kazi ya kupiga picha za wanyama wa porini. Hatuingii katika hitilafu za wanazuoni juu ya hukumu ya picha. Tunachotafuta ni somo la bidii na uaminifu.

Jumba la Makumbusho ya Viumbe la London huandaa kila mwaka mashindano ya picha hizi. Mwaka 2009 ilishinda picha ya mbwa mwitu akiruka lango usiku, nchini Hispania. Zawadi yake ilikuwa pauni 10,000. Baadaye waamuzi walichunguza, na Januari 2010 wakaifuta. Waliona kuna uwezekano mkubwa kwamba mnyama yule alikuwa wa kufugwa aliyefunzwa, jambo lililokatazwa na kanuni. Mwenye picha alikana. Jina lake hatulitaji, kwani hatukusudii kumsema mtu.

Tuzingatie hapa: picha ilibaki nzuri vilevile, lakini thamani yake iliondoka. Kwa nini? Kwa sababu picha ya porini ni ushahidi. Humwambia mtazamaji kuwa mnyama huyu aliishi hivi, bila kuamrishwa na mtu.

Sasa tumtazame Sergey Gorshkov wa Urusi. Alizunguka msituni mashariki ya mbali ya nchi yake akitafuta harufu, manyoya na alama za kucha za chui milia, mnyama adimu sana. Januari 2019 alitega mbele ya mti mmoja kamera inayojipiga yenyewe mnyama apitapo. Picha aliyoitaka ilipatikana Novemba: chui milia jike ameukumbatia mti akiacha harufu yake. Mwaka 2020 ilishinda kati ya picha zaidi ya 49,000.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini kumelowa ilhali juu ni kukavu. Akamkemea muuzaji kwa kuficha ile iliyolowa, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika njia yake.

Basi tujiulize:

1. Mwanafunzi anayenakili hesabu za mwenzake ana tofauti gani na muuzaji yule? Daftari ni zuri, kichwa ni kitupu.

2. Anayesoma aya chache kila siku kwa mwaka mzima, je, hafanani na mwenye kungoja msituni?

3. Nasi wazazi, tukiwafanyia watoto kazi zao ili wasifiwe, tunawafunza nini?

Sifa za watu hupita. Allah anaijua nafaka ya chini kama anavyoijua ya juu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie subira na ukweli katika kila tulifanyalo. Amin.