Rachel Mwanza: Machozi Yanayobaki Ndani

KALEMIE – Katika filamu Rebelle, waasi wanavamia kijiji, wanampa msichana wa miaka 12 bunduki na kumlazimisha awaue baba na mama yake. Kisha wanampeleka porini. Huko kulia ni marufuku, na Komona anajifunza kuyarudisha machozi ndani.

Anayecheza nafasi hiyo ni Mkongomani Rachel Mwanza. Kabla ya filamu, alikuwa mtoto wa barabarani mjini Kinshasa, na hakuwahi kusomea uigizaji. Filamu ilitengenezwa Kinshasa na kandokando yake na Kim Nguyen, mtengeneza filamu wa Kanada. Februari 2012, Rachel alipewa tuzo ya muigizaji bora wa kike mjini Berlin, Ujerumani. Mwaka uliofuata filamu hiyo iliingia katika orodha ya kugombea Oscar.

Nguvu yake haiko katika kupiga kelele. Rachel anakaza uso, anaacha macho yaseme. Hata anapopata furaha kidogo kwa Magicien, kijana anayetafuta jogoo mweupe ili amuoe, mtazamaji anaona bado anasikiliza kama kuna hatua za watu nyuma. Magicien anauawa, na Komona anabebeshwa mimba kwa nguvu na kamanda. Hadithi yote anamsimulia mtoto aliye tumboni mwake.

Filamu haitaji jina la nchi, lakini kwa mtu wa Tanganyika hadithi hii haiko mbali. Mzozo kati ya Wabatwa na Waluba ulipopamba moto mwaka 2016, maelfu ya familia zilikimbia vijiji vyao na kujenga vibanda vya majani kandokando ya mji wa Kalemie. Mashariki mwa Kongo, makundi yenye silaha yameingiza watoto vitani kwa miaka mingi, wavulana na wasichana.

Wengine wamerudi nyumbani. Majirani wanawaogopa: huyu halii, basi hana moyo tena. Rachel Mwanza anatuonyesha kwamba sivyo. Mwishoni Komona anarudi kijijini kwao kuwazika wazazi wake, kwa sababu roho zao hazijamwacha hata siku moja.

Mtoto anayerudi toka porini na macho makavu hajasahau. Anangoja mahali ambapo kulia si marufuku tena.