Magoli 11 kwa jina lisilo lake: msimu wa Stuttgart wa 2020-21

Nafasi ya tisa, pointi 45, magoli 56 ya kufunga na 55 ya kufungwa. Mtu akitazama tu msimamo wa mwisho wa Bundesliga ya 2020-21, jicho lake litapita juu ya VfB Stuttgart bila kusimama. Hawakuchukua kombe, hawakushuka daraja. Lakini kwa Wakongo msimu ule una habari yake. Winga aliyewafungia magoli 11 katika michezo 25 alikuwa kijana wa Kinshasa, na jina lililoandikwa kwenye karatasi za mechi, Silas Wamangituka, halikuwa jina lake.

Stuttgart si timu ndogo. Ni mabingwa wa Ujerumani mara tano, mara ya mwisho mwaka 2007. Mwaka 2019 walishuka kwa aibu baada ya kushindwa na Union Berlin kwenye mchujo, kisha wakapanda tena 2020 wakiwa wa pili nyuma ya Arminia Bielefeld. Mkurugenzi wa michezo, Sven Mislintat, aliyejulikana kwa kutafuta vipaji Dortmund na Arsenal, aliamua kujenga kikosi cha vijana. Kocha alikuwa Pellegrino Matarazzo, Mmarekani mwenye asili ya Italia aliyesomea hesabu katika chuo kikuu cha Columbia, New York. Silas alikuwa amefika mwezi wa nane 2019 kutoka Paris FC, wakati huo timu ya daraja la pili Ufaransa, kwa bei ya kama euro milioni 8.

Msimu ulianza kwa kipigo cha 3-2 nyumbani mbele ya Freiburg. Wiki moja baadaye wakaenda Mainz na kushinda 4-1. Kuanzia hapo watu wakaelewa kwamba timu hii mpya haikuja kujificha nyuma. Viwanja vilikuwa karibu vitupu kwa sababu ya Covid, na pengine jambo hilo liliwasaidia vijana kucheza bila woga. Mbele alisimama Mwaustria Sasa Kalajdzic, mrefu wa mita 2, aliyemaliza na magoli 16. Katikati Mjapani Wataru Endo alikuwa akikata mipira. Na kwenye ubavu kulikuwa na Silas, ambaye akipewa nafasi ya kukimbia, beki alibaki akitazama mgongo wake.

Tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili walikuwa Bremen. Silas alikuwa ameshafunga penalti. Mechi ikielekea kwisha, akamnyang'anya mpira kipa wa Werder, lango likabaki wazi mbele yake. Badala ya kupiga, akatembea polepole, akausindikiza mpira mpaka karibu na mstari, akasubiri kidogo, ndipo akausukuma ndani. Katika uwanja wowote wa mtaa Goma au Bukavu watu wangeingia kumbeba. Mwamuzi wa Ujerumani alimpa kadi ya manjano. Stuttgart walishinda 2-1.

Siku sita baadaye ikawa zamu ya Dortmund, kwao nyumbani. Silas alifunga mawili, Stuttgart wakaondoka na ushindi wa 5-1. Kesho yake kocha Lucien Favre alifukuzwa kazi. Mwezi wa pili Schalke nao walikula 5-1 huko Stuttgart, na siku iliyofuata kocha wao Christian Gross naye akaondolewa. Makocha wawili walipoteza kazi kwa matokeo yaleyale, mbele ya timu iliyotoka kupanda daraja. Katikati ya hayo, mwishoni mwa mwezi wa kwanza, Silas aliwafunga Mainz goli ambalo watu bado wanalitafuta kwenye video: alianza mbio ndani ya nusu yao wenyewe na hakusimama mpaka wavuni.

Mambo yalikatika Munich, tarehe 20 mwezi wa tatu 2021. Bayern walipata kadi nyekundu dakika ya 12, alipotolewa Alphonso Davies. Hata hivyo kabla ya mapumziko walikuwa wameshafunga manne, matatu ya Robert Lewandowski. Mchezo uliisha 4-0. Silas alitoka na jeraha baya zaidi ya matokeo: kano ya goti ilikuwa imechanika. Msimu wake uliishia hapo. Bado alichaguliwa chipukizi bora wa Bundesliga wa mwaka ule.

Kisha, tarehe 8 mwezi wa sita, klabu ilitoa tangazo. Mchezaji wao anaitwa Silas Katompa Mvumpa. Alizaliwa Kinshasa tarehe 6 mwezi wa kumi 1998, si 1999.

Kwa maelezo ya mchezaji na klabu, mambo yalianza 2017. Silas alifika Ubelgiji kufanya majaribio Anderlecht, akiwa na viza ya muda. Ilitakiwa arudi Kinshasa kuomba karatasi nyingine. Ajenti aliyekuwa akimsimamia wakati huo akamtia hofu kwamba akirudi nyumbani hataruhusiwa tena kuingia Ulaya, akampeleka Paris. Huko ndiko alikopewa jina jingine na kupunguziwa mwaka mmoja. Karatasi zake zilikuwa mikononi mwa ajenti, na mambo ya pesa vilevile. Silas alisema aliishi kwa hofu miaka yote hiyo, na kwamba aliogopa pia kwa ajili ya familia yake huko Kongo.

Hapa kwetu kila anayefuata mpira wa vijana analijua neno la kupunguza miaka, na wengi waliposikia habari hii walicheka tu, kana kwamba ni ujanja wa kawaida. Lakini mwaka mmoja ni faida ndogo sana. Mchezaji wa miaka 21 na wa 22 bei yao haitofautiani kiasi hicho. Faida kubwa ni ile kamba iliyofungwa shingoni. Mtu anayetembea na karatasi zisizo za kweli hawezi kwenda polisi, hawezi kudai pesa zake, na hawezi kumwacha ajenti wake kirahisi, maana ajenti ndiye mwenye siri. Silas alikuwa akiwakimbia mabeki wa Dortmund huku akijua kuna mtu anayeweza kumwangusha kwa maneno mawili. Alijitokeza baada ya kubadilisha ajenti, na ni yeye mwenyewe aliyeieleza klabu.

Stuttgart wangeweza kumwacha. Walibaki naye, wakasema wanamwona kama mtu aliyeonewa. Shirikisho la mpira la Ujerumani, DFB, lilimtoza faini ya euro 30.000 na kumfungia miezi mitatu, mpaka tarehe 11 mwezi wa tisa, wakati ambao goti lingemweka nje hata hivyo. Matokeo ya mechi hayakuguswa. Pointi 45 zilibaki 45.

Msimu uliofuata alirudi kwa shida, akapata tena jeraha, la bega safari hii, na Stuttgart waliponea siku ya mwisho kabisa kwa goli la Endo dhidi ya Köln katika dakika za nyongeza. Mwanzoni mwa 2024 Silas Katompa alikuwa Côte d'Ivoire na Léopards, waliofika nusu fainali ya Kombe la Afrika. Aliporudi Ujerumani, Stuttgart walimaliza msimu huo wakiwa wa pili kwa pointi 73, moja mbele ya Bayern.